Hotuba ya Uzinduzi wa Lifti Inayojitawala

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi wa Kampuni yetu ya Madini na Metali, ambaye pia ni Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kuteua Wenyeviti. Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi mliofika, mliotuma wawakilishi, na ninyi wawakilishi mliotuma salamu. Wakuu wa Idara za Uchimbaji, Uyeyushaji, Uchukuzi na Usafi. Mkuu wa Idara ya Tehama, ambaye hayupo, yuko semina, lakini kiti chake kipo na nakitambua. Viongozi wa chama cha wafanyakazi, sijui kwa nini mmekaa nyuma kabisa karibu na chumba cha winchi. Wake, mama na ndugu wa wafanyakazi wetu wa zamu ya usiku, mliofika kwa wingi bila kualikwa, jambo linaloonyesha mwamko. Wafanyakazi wenyewe wa zamu ya usiku, mlioko chini ya miguu yetu hivi sasa, mnaonisikia na msionisikia. Na kwa namna ya pekee mama mkwe wangu mpendwa, aliyefika nyumbani kwangu leo asubuhi akasimama langoni muda mrefu bila kufunguliwa, kwa kuwa kengele ya lango haipo mahali pake, suala ambalo nitalitolea ufafanuzi kwa wakati mwafaka. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi safu ya mbele. Safu ya nyuma, sauti ya mwanamke: "Bonyeza hicho kitufe, watu wapande!")

Nitabonyeza. Kitufe ni hiki hapa juu ya meza, cheupe, kizuri, hakiendi popote. Lakini huwezi kubonyeza kitu cha kihistoria bila kwanza kueleza historia, vinginevyo watu wataondoka hapa wamepanda lifti tu, hawajaelimika.

Kwa faida ya wageni nieleze utaratibu wa leo. Zamu ya usiku ilimaliza kazi alfajiri. Kwa kawaida wangekuwa wameshapanda, wameshaoga, wamelala. Lakini mimi, kwa mamlaka niliyopewa kama Mkurugenzi Msaidizi wa Mageuzi ya Kidijitali, Uhuru wa Tehama na Mambo Mengineyo, nikatoa waraka wabaki chini mpaka saa ya uzinduzi, ili wawe binadamu wa kwanza kupandishwa juu ya ardhi na mfumo wetu wenyewe, tulioubuni wenyewe, kwa akili zetu wenyewe. Niwaulize, ni nani kati yenu aliyewahi kupewa heshima kama hiyo? ("Sasa ni saa sita mchana!") Ndiyo, mama, na heshima inazidi kukua.

Sasa turudi nyuma. Kwa miaka mingi kampuni hii ilikuwa inachimba madini yake yenyewe, inayeyusha kwenye matanuru yake yenyewe, lakini lifti ya mgodi ilikuwa inatawaliwa na programu ya wageni. Ikikwama, tunapiga simu ng'ambo, tunaambiwa tusubiri, tunawekewa muziki. Mimi binafsi nimeusikiliza muziki ule mpaka nikawa nauimba bafuni, mke wangu ni shahidi. (Mke wa Mkurugenzi, safu ya mbele, anatazama viatu vyake.) Nikasema, hapana. Nikawafungisha virago wale wageni, pamoja na programu yao, kompyuta zao, nyaya zao na ile mashine yao ya kahawa, na siku hiyohiyo, ndugu zangu, tukawa huru! (Makofi. Sauti ya kiongozi wa chama: "Na lifti ikawa inaendeshwa na nini?")

Swali zuri. Katika kipindi cha mpito, tulirejea kwenye kengele ya waya. Aliyeko chini anavuta waya, kengele inalia huku juu, fundi winchi anapandisha lifti kwa mashine yake. Basi. Hakuna dashibodi, hakuna paswedi, hakuna integresheni ya aina yoyote. Nikaona aibu. Mgeni akija hapa akakuta mtu anavuta kamba kama anavuta maji chooni, tutamwambia nini? Kwa hiyo jana nikaagiza waya ukatwe. Aidha, ule ubao uliokuwa mlangoni pa shimo, ambapo kila anayeshuka alitundika kibao chake cha namba na anayepanda akakitoa, ili ijulikane nani yuko chini, nao nikaagiza ung'olewe. Taarifa zile sasa zinatunzwa kidijitali. ("Zinasema wako wangapi chini?") Zinasema wako wengi, mama.

(Kutoka kwenye bomba la hewa linalotokea shimoni: ngo, ngo, ngo.)

Mmesikia hiyo? Tulieni. Mmesikia? Hiyo ndiyo data! Data ghafi, inapanda yenyewe kutoka chini kwenye chanzo, haipiti kwa mgeni, haipiti ng'ambo, haina muziki! (Ngo, ngo, ngo, ngo, kwa nguvu zaidi.) Na kama mnavyosikia wenyewe, kasi imeongezeka. (Mwandishi wa kumbukumbu ameelekezwa aandike "shangwe". Ameandika. Hakukuwa na shangwe.)

Nije kwenye takwimu. Kabla sijaingia ofisini, kiwango cha uhuru wetu wa tehama kilikuwa asilimia sifuri. Leo, kwa mujibu wa utafiti wa ndani uliofanywa na ofisi yangu kuhusu ofisi yangu, kimefikia asilimia mia moja na kumi na nne, na hizo kumi na nne za ziada tumeziweka akiba kwa ajili ya mwaka ujao. Kamati ya Uhuru wa Tehama imefanya vikao, imefanya vikao vya kutathmini vikao, imekwenda ziara ya mafunzo kwenye nchi yenye bahari nzuri isiyo na mgodi hata mmoja, ili wajumbe wasishawishiwe na uzoefu wa wengine. Tumepata nembo. Nembo ile ilitutoa jasho, maana wajumbe waligawanyika, wengine wakitaka mshale uelekee juu, wengine mbele, tukaafikiana uzunguke. Tumepata fulana. Tumepata...

(Mama mkwe wa Mkurugenzi anasimama. Hana kipaza sauti na hakihitaji. "Mkwe, mwanangu yuko chini.")

Shikamoo tena, mama. Nafahamu. Shemeji yangu yuko chini, nami najivunia kuwa familia yangu inashiriki kikamilifu. ("Tangu jana jioni hajatia kitu mdomoni.") Suala la chakula cha chini ya ardhi liko kwenye awamu ya pili. ("Taa zao za kichwani zikizima watakaa gizani.") Watakaa gizani kwa muda tu, mama, na baada ya hapo... ("Mkwe. Nakuheshimu. Nimekupa binti yangu na sikukudai ng'ombe. Mpandishe mwanangu.")

(Bomba limenyamaza.)

Naomba kwanza nimpongeze fundi winchi wetu, yule mnayemwona dirishani, ambaye wote tunamwita Kauli Moja. (Kauli Moja yuko dirishani, mkono kwenye wenzo wa winchi. Kina mama wanamsihi apandishe. Anawaonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: waraka wa Mkurugenzi kwamba atakayesogeza lifti kabla taa ya kijani ya mfumo haijawaka hana kazi. "Nina watoto sita," anawaambia. "Mimi pia nataka wapande. Lakini Mkurugenzi ndiye aliyetia sahihi.") Mnaona nidhamu ile? Hiyo inaitwa komplayensi. Haiji hivihivi, inajengwa kwa waraka.

Basi, kwa kuwa bomba limenyamaza, maana yake data imekamilika kuingia, sasa natamka rasmi. Mheshimiwa Mwenyekiti, samahani kukuamsha. Mpiga picha, sogea upande huu, upande ule nina jino bovu. Kwa niaba ya Bodi, Menejimenti, Kamati na mimi mwenyewe, nabonyeza kitufe hiki, na mara nitakapokibonyeza, taa ya kijani itawaka kwenye kabati lile la seva pale, fundi ataiona, lifti itapanda, na hatutaambiwa tena na mtu yeyote tusubiri. Moja. Mbili. Mbili na nusu. Tatu!

(Anabonyeza. Ndani ya kabati la seva panasikika: "Ding-dong. Karibuu!" kwa sauti ya ndege wa plastiki. Hakuna taa inayowaka.)

Huo ni mlio wa awali. Mfumo unapasha moto. Narudia.

("Ding-dong. Karibuu!")

(Mama mkwe: "Hiyo si kengele ya lango lako?")

Mama, suala hilo nilisema nitalitolea...

("Ndiyo ile! Kila nikija inaniambia karibuu. Leo nimegonga lango mpaka vidole vikaniuma, kumbe ndege wenu yuko huku!" Mke wa Mkurugenzi anajifunika uso kwa ratiba ya sherehe. Kiongozi wa chama anafungua kabati la seva. Ndani kuna ndege, betri mbili, na chakula cha mlinzi kwenye bakuli. Hakuna kingine. Mwanamke aliyekuwa akipiga kelele tangu mwanzo anasogea, anatazama mbao za kabati kwa ndani, anapitisha kidole kwenye misumari iliyopangwa mistari, kila mmoja na namba yake. "Huu ni ule ubao," anasema. "Msumari wa mume wangu huu hapa." Anaanza kulia.)

Tafadhali, mali ya mradi isiguswe. Ndugu zangu. Ndugu zangu, kuna changamoto ndogo ya implimentesheni, na wataalamu wetu... mtaalamu wetu, akitoka semina... Fundi! Pandisha lifti!

(Kauli Moja, dirishani: "Mfumo umesema?")

Mfumo, kimsingi, umeelekeza.

("Taa sijaiona. Waraka unasema mfumo. Nikiulizwa kesho nani kaamuru, niseme nani?")

Sema... sema imeamuliwa. Sema ngazi za juu. Andika kwamba kwa kuzingatia mazingira...

("Nani?")

(Mama mkwe amepanda jukwaani. Anachukua kipaza sauti mkononi mwa Mkurugenzi, anakitazama, anakirudisha karibu na mdomo wa mkwewe na kukishikilia hapo. "Sema.")

Mimi.

("Sijasikia!" anasema Kauli Moja, ingawa amesikia.)

Ni mimi. Hakuna mfumo, kuna mimi. Mimi ndiye niliyekata waya, mimi ndiye niliyewaweka chini, nami nakuamuru uwapandishe, na mtu akiuliza ni mimi. Pandisha, baba. Pandisha, nakuomba.

(Winchi inanguruma. Kamba ya chuma inaanza kuzunguka. Lifti inatokea, imejaa watu weusi kwa vumbi, wanafumba macho kwa jua. Kwa kuwa ubao haupo, kila mwanamke anasimama mlangoni na kuita wa kwake. Lifti inashuka tena. Inapanda tena. Inashuka. Mama mkwe bado hajaita mtu. Mkurugenzi ameacha jukwaa, yuko ukingoni mwa shimo, amesahau kuwa kipaza sauti alichorudishiwa kiko mkononi mwake, na wote wanamsikia anavyohema.)

Shemeji! Yule pale! Mama, yule pale wa mwisho, mwenye nyundo! Shemeji yangu, karibu! Karibu juu!

(Shemeji anatoka. Nyundo mkononi mwake imebaki kichwa, mpini umevunjika. "Tumegonga bomba mpaka hii ikakatika," anasema. "Ina maana huku juu hamkusikia?")

Tulisikia.

("Mkafanya nini?")

Nilihutubia, shemeji.

(Kicheko kinaanzia safu ya nyuma, kinakuja mbele, kinamfikia hata mwanamke aliyekuwa analia. Mwenyekiti wa Bodi, aliyeamka kabisa, anasimama na kuuliza kwa upole mfumo uko wapi ili apige nao picha.)

Asante, Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa swali linalonipeleka moja kwa moja kwenye hitimisho. Kama mlivyojionea, wafanyakazi wote wamepanda, tena salama, tena bila mgeni yeyote kuhusika, na kwa hiyo malengo yamefikiwa kwa asilimia mia. (Nyundo isiyo na mpini inainuliwa.) Kwa asilimia kadhaa. Naomba sote tutamke kaulimbiu yetu. Nikisema "Uhuru wa tehama", mnaitikia "Ni wetu". Uhuru wa tehama! ("Rudisha waya!") Uhuru wa tehama! ("Rudisha ubao!") Mwitikio umepokelewa na utafanyiwa kazi leo. Leo hii, mama, kabla zamu nyingine haijashuka. Nitaifunga kengele ya waya kwa mikono yangu mwenyewe, Kauli Moja atanisimamia.

Imebaki shukrani. Namshukuru fundi seremala, aliyepewa ubao akaambiwa atengeneze seva, akauliza seva ni nini, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumjibu akatengeneza kabati. Namshukuru fundi rangi kwa ile taa ya kijani, ambayo ukiitazama kwa karibu ni kifuniko cha chupa. Nawashukuru wajumbe wa Kamati, ambao nawaona wanavua fulana. Nawashukuru wafanyakazi wa zamu ya usiku kwa uvumilivu ambao sikuwaomba, niliwalazimisha, na kwa hilo samahani. Namshukuru mama mkwe wangu kwa kunishikia kipaza sauti.

Na mwisho namshukuru mke wangu, ambaye naona ameshanyanyuka, ameshamshika mkono kaka yake, wanakwenda nyumbani na mama kunywa chai. Mke wangu, nakuomba mbele ya hadhara hii, nikimaliza kufunga waya nitakuja. Nitagonga lango. Huenda nikagonga muda mrefu. Naomba, ukisikia, unifungulie.

(Mama mkwe, bila kugeuka: "Tutakuhutubia kwanza.")