Hotuba ya Kuzindua Mashine ya Kupima Mlango wa Kizazi

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, Mheshimiwa Mume wa Makamu Mwenyekiti, wakuu wa idara, wanaokaimu wakuu wa idara, Daktari Mkuu, na ninyi mama zangu wajawazito mliosimama kwa kuwa viti vimewatosha waheshimiwa tu, itifaki imezingatiwa! (Makofi kutoka kwenye viti.)

Leo, katika muktadha wa mchakato endelevu wa kuboresha miundombinu ya uzazi, nazindua mashine ya ultrasaundi iliyo chini ya kitambaa hiki, itakayopima urefu wa mlango wa kizazi, kwani wataalamu walinieleza, nami nikaelewa haraka kuliko walivyotarajia, kwamba mlango huo ukifupika mapema mtoto anaweza kuzaliwa njiti, lakini ikigundulika kwa wakati daktari hutoa dawa au huushona. Papo hapo nikatoa agizo: kufikia mwisho wa mwaka, asilimia mia na kumi ya wajawazito wawe na milango mirefu! (Vicheko. Mkunga anajishika kichwa.)

Mkunga, usijishike kichwa, agizo limeshapitishwa kwenye semina, hotelini.

Naona mama wa gauni la bluu kanyoosha mkono tangu nianze. Sema, mwanangu. (Mwanamke: "Mheshimiwa, mimba zangu mbili ziliharibika mwezi wa tano. Hii nayo ndiyo imeingia wa tano. Naomba nipimwe leo.") Swali zuri sana! Mpigieni makofi! (Hakuna anayepiga.) Sasa, mama, upimaji ni suala mtambuka, lina awamu ya uhamasishaji, awamu ya uhakiki, awamu ya kutathmini hizo awamu... (Mkunga: "Mheshimiwa, huyu hawezi kungoja awamu. Dada, shika mkoba wako, twende.") Mnakwenda wapi na hotuba haijaisha? ("Hospitali kubwa. Huko wanapima.") Kwa usafiri gani? ("Gari lako. Dereva ameshawasha.") (Vigelegele.)

Naam! Hiyo ndiyo kasi ya uongozi wangu! Andikeni kwamba nimetoa gari! Nikisema mlango mrefu, ninyi semeni maisha marefu! Mlango mrefu! (Mume wa Makamu, peke yake: "Marefu.")

Kwa kuhitimisha, namshukuru mwenye ukumbi wa kutazamia mpira aliyetuazima televisheni hii tuliyoifunika kitambaa, na namwomba asinikodolee macho, atarudishiwa kabla ya mechi. Mashine yenyewe itaagizwa pindi itakapoundwa kamati ya kuunda kamati. Asanteni kwa kuniamini. Na wewe dereva, unanisikia? Kwenye matuta nenda polepole. Polepole, tafadhali, baba.

(Mama wa gauni la bluu alipimwa mchana huohuo. Mlango ulikuwa umefupika, wakaushona, na mtoto alizaliwa miezi yake imetimia. Mheshimiwa alifika ofisini jioni, kwa miguu, bado anahutubia.)