Mashine ya Kumrushia Deivi Vifuniko

Jumatatu, 23 Juni

Deivi amerudi kutoka mtaani, hataki kula. Nimemkaangia ndizi na salami. Ati hana njaa. Mume wangu huyu, mtu anayekula hata akiwa na homa!

Nikamchokoachokoa mpaka akasema. Leo tena hakupiga kitu. Mchezo wetu wa vitilla si kama besiboli ya uwanjani: gongo ni mpini wa fagio, mpira ni kifuniko cha dumu la maji, na kifuniko kikiwa hewani kina akili zake. Vyote vimempita mbele ya pua, yeye anachapa upepo. Joselo, nahodha wa mtaa wetu, amemwambia mbele ya watu: kaka, kama hujapiga kitu kabla ya Jumapili, mechi ya sikukuu ya Mtakatifu Petro utakaa pembeni utugawie maji.

Na Joselo ni mume wa Nurys. Nurys wa ng'ambo ya barabara, anayenisalimia kwa kidevu. Jioni amepita makusudi kunipa pole. Usijali mama Emely, wengine Mungu kawapa mikono ya kupigia, wengine ya kubebea mizigo.

Mwanangu Emely akatambaa mpaka kwa baba yake, akamvika kifuniko kichwani. Deivi hakucheka. Hapo nikasema basi. Nitatengeneza mashine ya kumrushia vifuniko. Atajifunza uani kwetu, bila kuchekwa na mtu.

Uwezo ninao. Redio ya jirani yetu Don Chepe niliitengeneza mimi. Inashika kituo kimoja tu, lakini inashika.

Jumanne, 24 Juni

Utafiti.

Nimerusha vifuniko huku namwogesha Emely. Kikitupwa uwazi ukiwa chini, kinaelea kama jani lenye haraka. Uwazi ukiwa juu, kinazama ghafla. Kwa nini? Sijui. Niliacha shule darasa la nane, huenda jibu lilikuwa la tisa. Emely anacheka kila kinapoanguka. Kimoja amekionja. Nimekitoa.

Imebaki mota. Feni yetu imechoka, haisukumi hata nzi. Mota ya maana nyumba hii ni moja: ya mashine ya kufulia ya mama mkwe, upande wa kukamulia. Mama mkwe wangu huyo, Doña Eneria, anaipenda mashine ile kama kitinda mimba. Anaifunika kwa kitambaa cha lesi, na maji yake anaijazia mwenyewe. Nikiifungua, ndoa yangu imekwisha.

Kwa hiyo sitaifungua. Nitaitumia vilevile ilivyo.

Jumatano, 25 Juni

Mama mkwe kaenda sokoni. Nimefanya kazi kama mwizi, mtoto mgongoni.

Mashine hii haikamui mfuniko wake ukiwa wazi. Imefunzwa adabu. Nikaidanganya kwa kibanio cha nguo, ikadhani imefungwa. Nikakunja kipande cha bati kiwe njia ya kutokea, nikajaza vifuniko ndani, nikazungusha kitufe. Na umeme ulikuwepo, maajabu.

Cha kwanza kiliruka ukuta. Cha pili kilimpata jogoo wa Don Chepe, na tangu hapo anatembea kama mtu mwenye mawazo. Nikarekebisha bati. Cha tatu kikaenda mbele, sawa kabisa, kimo cha kifua. Machozi yalinitoka.

Nikairudishia lesi yake. Ukiitazama, huwezi kujua kitu.

Deivi aliporudi nikamwonyesha. Akauliza kama mama yake anajua. Nikamwambia atajua siku ya ushindi. Fran, akasema, wewe utatuua. Lakini fagio alikuwa ameshalishika. Akajiweka sawa, akapanua miguu, akatikisa kichwa nianze.

Umeme ukakatika.

Alhamisi, 26 Juni

Haujarudi. Deivi kasimama mbele ya mashine na fagio lake kama mtu anayesubiri basi. Nikamwambia angalau afikirie kupiga. Akasema anafikiria tangu asubuhi na hata kwenye fikra anakosa.

Nimemshika mkono.

Ijumaa, 27 Juni

Acha niandike.

Leo ilikuwa zamu ya mama mkwe kupokea rozari ya sikukuu. Akina mama wakajaa uani. Viti vikapangwa kuelekea mashine, kwa sababu kivuli kiko upande ule. Nurys naye alikuja, kichwa kizima rola, nywele zinaandaliwa kwa Jumapili. Mimi nagawa kahawa. Moyo mweupe kabisa.

Sasa, sisi hapa umeme ukikatika hatuzimi kitu. Mtaa mzima ndivyo ulivyo. Taa, redio, feni, tunaviacha vilivyo ili vitupe habari umeme ukirudi. Na mimi ni mtoto wa mtaa huu. Kitufe cha mashine nilikiacha kilivyo.

Walikuwa wamefika kwenye litania. Ghafla watoto barabarani wakapiga kelele: umeme umerudiii! Redio zote zikaamka. Mashine ya mama mkwe nayo ikaamka.

Kifuniko cha kwanza kiliinua lesi kama anavyofunuliwa bibi harusi. Kilichofuata kilimpata Nurys kichwani, kikaingia ndani ya rola, kikakaa. Kingine kikatua kwenye kahawa ya mama mkwe. Akina mama wakaingia chini ya viti, litania hawakuikatisha. Utuombee! Utuombee! Sijapata kusikia rozari ikisaliwa kwa imani namna ile.

Deivi akatoka jikoni mbio na fagio. Akasimama mbele ya mama yake, akapanua miguu. Paa! Kimoja ukutani. Paa! Kingine juu ya mabati. Hakuna kilichompita. Kazi yangu ilikuwa kuchomoa waya, najua. Nikasahau. Nilikuwa namtazama. Jamani, alikuwa mzuri.

Waya aliuchomoa mama mkwe mwenyewe. Nikangoja Nurys anitukane, ana haki. Kifuniko bado kiko kwenye rola. Akasema kwa sauti ndogo: Joselo lazima aambiwe hili. Akaondoka kwenda kumwambia, vilevile na kifuniko chake.

Mama mkwe akanigeukia. Wewe msichana, ukiniona nimenyamaza usifikiri nimekusamehe, natafuta maneno.

Aliyapata mengi.

Jumapili, 29 Juni

Deivi amecheza!

Kifuniko chake cha kwanza alikipiga kikaruka paa la Don Chepe. Nilimrusha Emely juu kwa furaha, nikamdaka, nikamrusha tena. Nurys alinikumbatia, kisha akakumbuka ni mimi, akaniachia.

Halafu yule mrushaji wa mtaa wa chini akaanza kurusha vya kupinda. Mashine yetu haikuwahi kuvipindisha. Deivi akarudi kuchapa upepo. Tumefungwa.

Lakini Joselo alimpiga begani mbele ya watu wote. Jumapili ijayo uko ndani, kaka, tangu mwanzo. Ila vile vya kupinda uvitafutie dawa. Deivi alicheka njia nzima, akala kila nyumba yenye sufuria motoni.

Jumatatu, 30 Juni

Mashine ya mama mkwe sasa ikikamua inatembea. Leo ameikuta karibu na geti.

Akaniita, akanikalisha mbele ya picha ya Mtakatifu Petro, akaniapisha: sitagusa tena kitu chake chochote chenye waya. Nimeapa, na nimeapa kwa moyo. Nikamwomba baraka, kama tunavyoomba kila siku. Alichelewa kunipa. Lakini alinipa, akamchukua Emely akambusu tumbo, akaenda kanisani.

Deivi amekaa kizingitini na fagio. Ananiuliza, kwa upole tu, hivi kifuniko kinapindaje. Nimewaza asubuhi nzima. Nadhani kinataka msukumo wa ghafla, wenye nguvu, kutoka ubavuni.

Jikoni maharage yanachemka. Ile sufuria ya presha ya mama mkwe inapiga mluzi mpaka mfuniko unatetemeka. Mvuke wake ukikupata, unarudi nyuma bila kupenda. Na mvuke huo unatokea ubavuni.

Haina waya hata mmoja. Nimeikagua pande zote, na chini pia.