Shikamoo Sita za Chamwino

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimejiunga na klabu ya mbio ya ofisini. Sikumwomba mtu ushauri.

Mbio zenyewe ni Jumamosi, kule Chamwino, kilomita nane. Atakayetangulia ndiye kapteni mwaka mzima: anakimbia mbele, anashika bendera, anaanzisha nyimbo na wengine wote wanaitikia. Miaka kumi na tisa niko masjala, nawatafutia watu mafaili. Hakuna aliyewahi kuniitikia chochote! Safari hii ukapteni ni wangu. Nimeshamwambia mke wangu, Devota. Kaniangalia tumbo, akauliza kapteni wa nini. Nimemsamehe.

Jumanne, 9 Julai

Mazoezi ya kwanza, Area D, saa kumi na mbili asubuhi. Baridi, upepo, vumbi mpaka kwenye meno. Nilikimbia mita mia mbili kwa ufundi mkubwa, halafu pumzi ikakata. Msafiri, dereva wetu aliyejipa ualimu wa mazoezi, akaniambia nianze kwa kutembea. Kutembea! Mtu mzima na ndevu zangu nifundishwe kutembea!

Halafu huyu Gerson. Mhasibu. Mwembamba kama ufito, anakimbia huku anapiga soga. Kanipita mara tatu, na kila akinipita ananiambia pole, kaka Obedi. Pole ya nini? Nimefiwa?

Lakini Mungu si Athumani. Mara ya nne tukamkuta bibi mmoja anafagia mbele ya geti. Gerson akasimama palepale! Shikamoo bibi, mguu unaendeleaje, wajukuu hawajambo. Dakika mbili nzima! Kalelewa na babu yake kijijini, hapiti mzee bila kumwamkia. Nikampita. Tena nikitembea.

Jumatano, 10 Julai

Mpango umekamilika. Shikamoo moja, dakika mbili. Shikamoo sita, dakika kumi na mbili. Basi!

Nimempigia Mjomba Filipo, anakaa Chamwino. Nimemwomba awapange wazee sita kwenye benchi kando ya barabara, kilomita ya kwanza, kwa sababu zaidi ya hapo sina uhakika na mimi mwenyewe. Awaahidi chai na maandazi. Akauliza ni mkutano gani. Nikasema ni heshima kwa wazee. Akaguswa sana, akasema vijana wa siku hizi hawana moyo huo. Kweli kabisa.

Mazoezini sikwenda. Mwenye akili hatoki jasho.

Ijumaa, 12 Julai

Nimenunua taiti ya kukimbilia, mtumba safi kabisa. Nyeusi, ina mstari wa manjano, inabana kuanzia kiunoni mpaka nusu ya paja. Devota anasema nguo hiyo si ya kutoka nayo hata uani. Wivu tu!

Gerson kaja masjala kunishauri ninywe maji mengi na nilale mapema. Eti ananijali. Namjua huyu, anataka kunivunja nguvu.

Jumamosi, 13 Julai

Aibu. Aibu tupu!

Tulikuwa watu ishirini na wawili. Nilikuwa wa ishirini na mbili, kwa makusudi, ili mtego ufanye kazi. Barabara imenyooka, nikaliona benchi kwa mbali, na Gerson analikaribia. Nikaanza kutabasamu.

Akainua mkono juu, akapaza sauti: Shikamooni! Wazee wote kwa pamoja wakaitikia marahabaaa. Akapita! Hata mwendo hakupunguza! Neno moja! Wingi, jamani! Miaka kumi na tisa nasahihisha barua za watu, na wingi wa shikamoo sikuufikiria!

Nikajikokota. Kufika karibu na benchi, nahesabu wazee: si sita, ni saba. Wa saba ni mama mkwe wangu! Mama mzazi wa Devota! Mjomba kamwalika ili aone mkwe wake anavyowaheshimu wazee. Ameshanyanyuka, anatengeneza kanga yake, anisalimie. Na mimi mapaja yote nje!

Mwanaume wa kwetu hasimami hivyo mbele ya mama mkwe. Heri nife. Sijui niligeukaje. Nilikata kushoto, nikavuka shamba la mabua ya mtama, nikaruka uzio wa miiba, nikatua zizini katikati ya mbuzi. Nikajikunyata humo mpaka mbio zikaisha. Mbuzi mmoja alikula namba yangu ya kifuani, na mimi namtazama tu.

Kapteni ni Gerson. Ndiye aliyekuja kunitoa zizini, kaleta kanga nijifunge. Akaniambia pole, kaka Obedi. Tena!

Jumapili, 14 Julai

Miiba kumi na saba. Devota kaitoa kwa sindano, mmoja mmoja, huku anacheka mpaka machozi. Anasema mama yake kawapigia simu ndugu wote kuwaambia hajapata kuona mkwe mwenye adabu kama mimi. Angalau yupo anayejua kuona.

Gerson kaniandikia ujumbe. Eti yeye sauti hana, ananiomba mimi niwe naanzisha nyimbo, klabu nzima iniitikie. Yaani nimwimbie yeye! Nimeufuta.

Mchana Msafiri kaja kunijulia hali. Anaapa kwamba toka azaliwe hajaona mtu anakimbia kama nilivyokimbia kutoka barabarani mpaka zizini. Hata Gerson hanifikii. Anasema nikifanya mazoezi kila siku, polepole, mwakani ukapteni ni wangu.

Mwakani! Mazoezi ya nini, wakati dawa imeshapatikana? Klabu inarudi kukimbia Chamwino mwezi ujao, na nikimwacha Gerson kwa mbali, bendera atanipa mwenyewe. Nimeshaongea na Mjomba Filipo. Nitavaa taiti ileile, na mama mkwe atawekewa kiti kizuri pale pa kuanzia, hatua tano nyuma yangu.