Shemasi Mutisya na Vita vya Utitiri

Kaeni chini, ninyi mnaofuga mbuzi na ninyi mnaopalilia kunde, nanyi mlioko mbali ambao Mutomo mmeisikia redioni tu. Epueni sufuria, chakula kitasubiri. Nitawasimulia habari za Mutisya wa Kyule, shemasi, mtunza funguo za kanisa, bwana wa sauti isiyohitaji kipaza sauti. Mtu aliyewahi kumfukuza fisi zizini kwa mwamvuli, lakini ambaye kwa miaka minne aliishi nyumba moja na nyoka asiyefika hata urefu wa mkono wake, na kila alipopita mbele yake aligeuza uso ukutani.

Nyoka huyo aliitwa Ndengu, kwa kuwa alitokea ndani ya gunia la ndengu, zile choroko za kijani, lililoletwa kutoka Kyuso. Alikuwa mfupi, mnene, asiye na sumu, wa rangi ya machungwa na mabaka ya kahawia, na kazi yake kubwa hapa duniani ilikuwa kujifukia mchangani na kubakiza macho mawili nje. Mwenye nyoka alikuwa Mutindi, mkewe Mutisya, mwalimu mstaafu wa biolojia, ambaye kibali cha kumfuga alikitia fremu akakitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi.

Ikawa mwezi wa Agosti binti yao Muthoki akajifungua kule Nunguni, na mtoto akaja kabla ya wakati wake, mdogo kama nusu mkate. Mutindi akafunga mzigo wake kwenda kusaidia. Mlangoni akamwapisha mumewe.

"Baba Muthoki, kazi yako ni maji tu. Maji safi kila baada ya siku mbili. Chakula ameshakula, hahitaji kingine mpaka mwezi uishe."

"Mama Muthoki," akajibu shemasi, kifua mbele, "enenda kwa amani. Nyumba hii, na vyote vitambaavyo ndani yake, viko mikononi mwangu."

Na maji aliyabadilisha kweli, bila kukosa, akilivuta bakuli kutoka kwenye kasha la kioo kwa koleo la mkaa, macho ameyafumba.

Asubuhi ya siku ya tisa koleo likagonga kitu laini.

Mutisya akafumbua macho, akaona asilowahi kuona. Ndengu, binti wa mchanga mkavu, alikuwa amejikunja ndani ya bakuli, amezama mpaka shingoni, kama mgonjwa aliyekatazwa kutoka kwenye beseni. Na juu ya maji vilielea vidoa vyeusi, vidogo kuliko pilipili manga iliyosagwa. Shemasi akasogeza miwani. Kidoa kimoja kilikuwa kinatembea.

Hakutaka kumtia mkewe wasiwasi. Akavaa koti, akashika njia mpaka dukani kwa Abdiya, mama yake Ismahan, aliyehamia Mutomo kutoka kaskazini mashariki miaka mingi iliyopita, muuza mafuta, sukari na dawa za shambani, ambaye hakuna tatizo lililovuka kizingiti chake likakosa jibu.

"Mama Ismahan," akasema Mutisya kwa sauti ya mazishi, "wadudu wameshambulia Ndengu."

"Pole sana, Mzee Mutisya! Mwaka huu wamezidi, kila mtu analia. Una gunia ngapi?"

Shemasi akafikiri kidogo. "Gunia lilikuwa moja tu."

"Basi pakiti hii inakutosha. Unamwaga yote, unageuza kwa koleo, halafu unafunga kabisa siku tatu, hewa isipite."

"Siku tatu bila hewa? Na hafi?"

"Lazima wafe, mzee! Si ndiyo maana ya dawa?"

Akaondoka amechanganyikiwa lakini mtiifu. Alikuwa ameshafunua kasha, pakiti imeraruliwa ncha, mkono umeinuliwa juu ya Ndengu asiyejua lolote, simu ilipolia. Ni Mutindi, akiuliza habari za nyumbani. Mutisya, ambaye hajawahi kusema uongo, akasema kila kitu, mpaka maandishi ya pakiti akayasoma: ya kuulia fukusi wa nafaka.

"Weka chini!" Sauti ile ilitoka Nunguni ikatikisa vikombe kabatini. "Weka chini hiyo sumu, Baba Muthoki, uoshe mikono! Utamuua!"

Akaweka chini. Akaosha mikono mara tatu. Aliporudi kwenye simu, Mutindi alikuwa ametulia, akauliza kama mwalimu: analala ndani ya maji? Vile vidoa, viko pia pembeni ya macho na chini ya kidevu? Magamba yameinuka? Mutisya, pua yake karibu na kioo kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akajibu ndiyo, na ndiyo, na ndiyo.

"Huo ni utitiri," akasema Mutindi. "Unajificha chini ya magamba unamnyonya damu, ndiyo maana anakimbilia maji. Ukiachwa utammaliza. Ni lile gogo nililomwekea. Nilipewa na rafiki anayefuga nyoka, sikulimwagia maji ya moto kwanza. Kosa ni langu. Nitarudi kesho."

Nyuma yake kitoto kililia, sauti nyembamba kama uzi. Mutisya akaisikia. Akamtazama nyoka. Nyoka akamtazama yeye. Kisha akatamka maneno ambayo hakuna aliyetarajia kuyasikia kinywani mwake.

"Usirudi. Kaa na mtoto. Nitamshika mimi."

Mutindi akamweleza tiba, maji vuguvugu na mafuta ya kupikia, ndipo maandalizi ya vita yakaanza. Abdiya, baada ya kurudishiwa pakiti na kuelezwa ukweli, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la sukari. Kisha akafunga duka, akaja na birika la maji moto na chupa ya mafuta ya kupikia. "Mimi siogopi nyoka," akatangaza. "Nitasimamia mlango tu, kwa ajili ya usalama wako." Na kweli mlango hakuuacha.

Mutisya akavaa buti za mvua na glavu za kukatia mkonge. Simu ikawekwa mezani, sauti juu. Akasimama mbele ya kasha, akafungua kinywa.

"Ewe Ndengu, uliyetoka Kyuso! Leo tumekutana wewe na mimi, na ijulikane ya kwamba sina ugomvi nawe, bali na maadui wanaokunyonya, nami ninakuja kwako kwa nia njema, wala usinitendee..."

"Baba Muthoki," simu ikasema, "acha kuhubiri. Toa glavu, umshike."

Akatoa glavu. Mkono ukashuka, ukarudi, ukashuka. Mlangoni Abdiya aliomba dua kwa sauti. Vidole vya shemasi vikagusa.

Alitarajia ubaridi na utelezi. Akakuta ukavu, laini kama mkanda wa zamani, na chini ya ukavu ule mtetemo mdogo. Alidhani ni mkono wake. Akaukaza mkono, mtetemo ukaendelea.

"Mama Muthoki," akasema taratibu, "huyu anaogopa."

"Ndiyo. Mshikilie tumbo, asining'inie."

Akamlaza kwenye beseni la maji vuguvugu, kina cha vidole viwili, kichwa kikiwa juu. Nusu saa nzima aliinama hapo, na utitiri ukaachia magamba kwa makumi, ukazama. Wale waliokimbilia kichwani, ngome yao ya mwisho, aliwafuata kwa pamba iliyochovywa mafuta, akipangusa pembeni ya macho na chini ya kidevu kwa upole wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Mchanga wote ukatolewa, gogo likachomwa, kasha likamwagiwa maji yanayochemka mpaka kwenye kona, likakaushwa, likatandikwa karatasi za kalenda ya kanisa, upande mweupe juu, ili adui akitokea aonekane.

Akatokea, kwa sababu mayai huanguliwa hata baada ya ushindi. Kwa hiyo kila siku ya tano birika liliwekwa jikoni na Abdiya akaja mlangoni. Mara ya pili vidoa vilikuwa kumi na kimoja. Mara ya nne kilikuwa kimoja, na Mutisya akakiponda kwa ukucha, akapiga kelele iliyowaamsha mbuzi wa jirani.

Mwezi ulipoisha Mutindi akarudi, na habari kwamba mtoto sasa ananyonya vizuri na amenenepa mashavu. Hakuketi. Akatoa kioo cha kukuzia, akasema, "Nionyeshe." Mutisya akamtoa Ndengu, akampumzisha kwenye viganja vyake, na mwalimu akamkagua gamba kwa gamba, huku Abdiya, ambaye safari hii alikuwa amefika katikati ya sebule, akinyoosha shingo aone.

"Hakuna," akasema Mutindi. "Hakuna hata mmoja." Akanyoosha mikono. "Haya, nipe nimrudishe."

Mutisya hakumtoa. Ndengu alikuwa amejikunja kwenye kiganja chake, ametulia kabisa.

"Ngoja kidogo," akasema shemasi.

Basi na wajue watu wote, kuanzia Mutomo mpaka Nunguni na kote ambako ndengu hupandwa: katika mwaka huo, siku ya Jumatano, kabla ya chai ya saa nne, utitiri ulishindwa, wala haukuacha masalia.