Wanafunzi Mia Nne Waliotoka Jikoni

Jumatatu, tarehe 6

Naapa kusimulia yote, hata yatakayoniaibisha. Shangazi, wewe ndiye uliyenipa shajara hii ukataka nikutumie kila Jumamosi, kwa hiyo nikificha kitu nitakuwa nimeiba karatasi zako.

Mtambo wangu wa kuazima vitabu uko tayari. Nimeutengeneza likizo nzima! Mwanafunzi anaandika jina, anachagua kitabu, basi. Ukiutumia peke yako unajibu kabla hujapepesa macho. Nilimwambia mwalimu wa maktaba kuwa una kasi. Akauliza kasi kiasi gani. Nikasema kubwa. Akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyerudisha kitabu kikiwa na mafuta.

Ameamua hivi: Ijumaa, wakati wa mapumziko, shule nzima itaazima vitabu vya muhula kwa vishikwambi arobaini. Mtambo ukikwama, tunarudi kwenye rejista, na kompyuta ya maktaba inarudi stoo. Ndiyo kompyuta pekee ninayoruhusiwa kuigusa!

Aliyefurahi ni Wino, kiranja wa maktaba, dada wa kidato cha nne ambaye vidole vyake ni vya bluu tangu tumjue. Rejista ni yake. Akaniambia, "Mdogo wangu, kalamu haikwami."

Jumanne, tarehe 7

Kazi yako, Shangazi, ni kuzielemea programu kabla watu hawajazielemea. Uliwahi kuniambia: usiseme ina kasi, pima. Haya, nimepima. Niliwaalika wenzangu arobaini wabonyeze kwa pamoja nikihesabu tatu. Niliahidi biskuti. Walikuja wanne. Mmoja alitaka kuchaji tu. Mmoja alikuwa Wino. Nikahesabu, wakabonyeza kwa zamu, kila mmoja akimngoja mwenzake kwa adabu. Mtambo haukutikisika hata kidogo. Wino akala biskuti za wasiokuja, akasema anawawakilisha.

Nimechoka, na wiki bado changa.

Jumatano, tarehe 8

Ulinijibu kwenye simu ya Mama: watu wasipopatikana, watengeneze. Programu ndogo inayojifanya wanafunzi. Ukasisitiza nisiijaribu kwenye mtambo wenyewe, bali kwenye nakala yake. Nilisikia. Mama ni shahidi kwamba nilisikia. Lakini kuandaa nakala kunachukua dakika ishirini, na mapumziko ni dakika kumi na tano. Hesabu imekataa.

Wanafunzi hewa walihitaji majina. Nilikuwa jikoni nangoja maji yachemke, nikaandika vyombo nilivyoviona: Mwiko Sufuria, Kinu Mchi, Ungo Kawa, Kijiko Sahani. Ukivichanganya vizuri unapata mia nne.

Nikawaachia arobaini waazime vitabu kwa pamoja. Sekunde moja! Ningeishia hapo. Lakini Wino alikuwa nyuma yangu akisema arobaini si watu, yeye huwamaliza kabla chai yake haijapoa. Nikawaachia mia mbili. Sekunde tisa. Akapiga mwayo. Nikawaachia wote mia nne. Mtambo ukagoma kama punda katikati ya njia. Nikauzima, nikauwasha, kengele ikalia. Nilitoka kichwa chini. Lakini nimepima!

Alhamisi, tarehe 9

Paredi ya asubuhi. Mwalimu wa zamu akasimama na karatasi kutoka maktaba. Kuna wanafunzi, akasema, wamejitwalia vitabu vyote vya maktaba, hadi kamusi, kabla ya siku yenyewe. Akavaa miwani. "Mwiko Sufuria!" Watu wakageuka kutazamana. "Kinu Mchi!" Kidato cha kwanza wakaanza kucheka. Akauliza nani ana meno mengi. Alipofika kwa Ungo Kawa aliitazama karatasi kwa muda, akasema wazazi wa siku hizi wana mambo, akaamuru wote wafike kwake saa nne.

Wino akajitolea kuwatafuta. Alipita darasani kwetu mara mbili, akachungulia hata kabatini, akiita kwa upole, "Kijiko, mwanangu, toka tu, hatukuchapi." Macho kwangu.

Nilitaka kukiri. Nilifika hadi mlangoni mwa maktaba. Kisha nikafikiri: nikiwafuta kimyakimya, nani ataumia? Baada ya vipindi nikaketi kwenye kompyuta. Kufuta mmoja mmoja, mia nne? Mikono iliuma kwa kuwaza tu. Nikauamuru mtambo ufute kila ambaye hajaazima kitabu. Maana hewa hasomi! Ukatii kwa nusu sekunde. Nyumbani nililala na sare. Mama akauliza kama naumwa.

Ijumaa, tarehe 10

Foleni hadi uwanjani. Mwalimu wa maktaba ameshika saa. Wa kwanza akaandika jina lake. Jibu likaja papo hapo: hakuna mwanafunzi huyo. Wa pili, vivyo hivyo. Kwa kasi ya ajabu, kila mmoja akaambiwa hayupo.

Nikakumbuka amri yangu ya jana. Ambao hawajaazima ni nani? Shule nzima! Siku yao ndiyo leo. Na kuazima ndiyo kazi pekee niliyowatuma wale wa jikoni. Nimewafuta wenye pumzi, nikabakiza hewa.

Ndipo binti mmoja wa kidato cha kwanza, mwenye haraka zake, akaandika Kijiko Sahani. Mtambo ukamkaribisha, ukampa kitabu cha hisabati ambacho Kijiko alishakiazima Jumatano. Habari zikaenea kama moto kwenye nyasi kavu. Dakika kumi na mbili baadaye shule nzima ilikuwa vyombo. Hata kiranja mkuu aliondoka na atlasi kwa jina la Kinu Mchi. Na hakuna kilichokwama, Shangazi! Sekunde moja, sekunde moja, sekunde moja.

Mwalimu wa maktaba akasema kasi ameiona. Sasa muhula ukiisha, vitabu amdai nani? Ungo?

Wino akakohoa. Muda wote alikuwa ameketi mlangoni, rejista magotini, akiandika nani hasa ametoka na kitabu gani. Hakukosa hata mmoja. Bluu hadi kiganjani.

Nikakiri yote, mbele yao wote wawili. Uamuzi: nikirudisha majina ya kweli kutoka kwenye rejista ya Wino, kompyuta inabaki. Nikishindwa, stoo. Wino akanikabidhi rejista kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto. Akasema ninawe kwanza.

Jumamosi, tarehe 11

Mwalimu alinifungulia maktaba tangu asubuhi. Majina mia tatu na kumi na mawili. Macho yanawasha. Amekagua, akasema kompyuta inabaki. Nililia kidogo, nyuma ya rafu. Nimejifunza mengi, Shangazi, na sitarudia.

Ila kuna jambo dogo. Mwalimu wa taaluma amesikia sifa za kasi yangu. Jumatatu anataka nipime kompyuta ya matokeo ya mitihani, kama itahimili wazazi wote wakiifungua kwa pamoja. Nakala yake inachukua nusu saa. Mapumziko bado ni dakika kumi na tano. Nimeshaandaa wazazi hewa mia sita, na safari hii nimewapa majina ya heshima, ya sebuleni: Bwana Kochi, Bibi Zulia, Mzee Pazia.

Nijibu leo leo kwenye simu ya Mama: nikiwaachia mara moja tu kwenye kompyuta yenyewe, halafu nikafuta kila mzazi ambaye hajafungua matokeo, kuna ubaya gani?