Yule wa Kijivu Asiyechoka

Alhamisi, 13 Aprili

Nimeficha jambo hili miaka thelathini na mitano. Leo naliandika. Mimi, Orest Palamarchuk, msaka vipaji wa timu ya Korongo, mtu ambaye wazazi wa nusu ya jimbo hili walimnunulia kahawa ili amtazame mtoto wao akicheza hoki ya barafuni, sijakiona kile kisahani cheusi kinachopigwa kwa fimbo kwenye barafu tangu mwaka 1988. Sisemi nilikiona vibaya. Sikukiona kabisa! Katikati ya kila ninachokitazama pana doa, na kisahani hukaa ndani ya doa.

Aliyekuwa akiona ni marehemu mke wangu, Stefka. Alikaa kushoto kwangu, akafuma soksi, akaninong'oneza. Vijana kumi na mmoja tuliowapendekeza walifika ligi kubwa. Kwenye kadi ya kila mmoja, klabuni, pameandikwa: amependekezwa na O. Palamarchuk. Alipofariki nilistaafu, nikasingizia goti.

Kabla ya 1988 nilichagua wawili kwa macho yangu mwenyewe. Mmoja anauza matrekta. Mwingine aliacha hoki akajiunga na kwaya.

Kwa nini naungama sasa? Daktari amenishauri nisijisumbue kununua kalenda ya mwakani. Moyo. Nina miaka themanini na saba na mrija wa oksijeni puani. Nataka kijana mmoja tu aliye wangu. Mmoja! Kadi moja isiyo na mkono wa Stefka.

Na nafasi imekuja. Alhamisi ijayo timu za vijana za magharibi zinagawana watoto wa miaka kumi na tano, kila timu kwa zamu yake. Korongo wanachagua wa kwanza, maana walishika mkia. Meneja wao, Dale Prystupa, nilimfundisha historia. Hakuwahi kufaulu, lakini ananiheshimu. Amepiga simu: Mwalimu, unasemaje, Rask au Fafard?

Nimemwambia nitamjibu nikishawatazama.

Ijumaa, 14 Aprili

Vita imeanza. Meza ya kahawa hapa kwenye nyumba ya wazee, saa tatu asubuhi, wote wapo.

Nimetangaza kwamba ni Rask. Colton Rask ana mwili wa mlango wa ghalani. Mabao hamsini na mawili msimu huu. Wote wakaitikia kwa vichwa. Ila Verna Lindqvist.

Verna alifundisha hesabu miaka thelathini katika shule ileile niliyofundisha mimi. Chumba chake hapa kinatazamana na changu. Ameweka tableti yake mezani kama hakimu anayeweka rungu. Akauliza, "Rask amezaliwa lini, Mwalimu?" Januari, nikasema. "Na Fafard?" Sikujua. "Desemba ishirini na tisa, mwaka uleule. Wameandikwa daftari moja, lakini mmoja ana karibu mwaka mzima zaidi. Kwa umri ule, mwaka mmoja ni ndevu, bwana wewe! Unamsifu mtoto kwa kuzaliwa mapema. Hiyo sifa mpe mama yake."

Meza nzima ikacheka. Nikasema namba hazivai viatu vya barafu. Akajibu kwamba na mimi sivai, ila bado napiga kelele. Wakacheka tena. Wasaliti.

Akaendelea. Émile Fafard mfupi, mwembamba, ametoka kijiji cha Wafaransa chenye uwanja mmoja, na bado pointi zake zinalingana na za Rask. Kijana kama huyo akirefuka itakuwaje? Nikamjibu kwamba kijana hapimwi kama gunia la ngano. Atazamwe asipokuwa na kisahani. Atazamwe anavyokaa kwenye benchi baada ya kukosea. Na hilo ni kweli. (Ni maneno ya Stefka.)

Mchana, mpango wa kwanza. Nimechukua chaja ya tableti ya Verna, nikaizika kwenye chungu cha maua. Ushindi!

Saa kumi, Verna kaja na karatasi thelathini na mbili. Alikuwa ameshachapisha kila kitu.

Jioni, mpango wa pili. Nimempigia simu baba yake Rask nikajifanya muuza viatu. Nilitaka nimwambie Dale kwamba baba ana mguu wa dubu, kwa hiyo mwana bado atakua. Mzee Rask anavaa arobaini na moja. Arobaini na moja! Kisha akaniuliza kama tunauza pia mashine za kunyolea, maana Colton ananyoa ndevu kila siku.

Mtoto amemaliza kukua. Habari hii naiweka chini ya godoro la moyo wangu.

Jumamosi, 15 Aprili

Siku kuu! Fainali ya watoto, hapahapa mjini. Wekundu wa Rask dhidi ya Kijivu wa Fafard. Wawili hao kwenye barafu moja.

Leo ni mkesha wa Pasaka yetu, ya kalenda ya zamani, na nilipaswa kuwa kanisani na kikapu cha mayai ili kibarikiwe. Padre atanisamehe. Yeye mwenyewe nilimwona langoni mwa uwanja.

Muuguzi wangu, Maricel, alinisukuma kwa kiti cha magurudumu, na blanketi mbili na mtungi wa oksijeni. Ametoka Ufilipino na ananiita Lolo, yaani babu kwa lugha ya kwao. Akaniweka kwenye kona yangu ya zamani, nyuma ya kioo. Akaniambia, "Lolo, ukifa kwa baridi nitafukuzwa kazi, kwa hiyo usife." Kisha akaanza kuongea na bintiye kwenye simu.

Nilimtafuta Rask. Niliona wingu jekundu likienda huku na huku. Nikajaribu kumtenga. Nikashindwa. Ningemtambuaje mmoja ndani ya wingu?

Ndipo nilipomwona YEYE.

Wa kijivu. Mwembamba. Peke yake, pembeni mwa wingu, nje kabisa ya doa langu. Anateleza kama aliyezaliwa na makali miguuni. Akienda mbele sawa, akirudi nyuma sawa, kasi ileile. Haanguki! Hagongani na mtu! Msongamano ukija anaruka juu ya ubao wa pembeni, miguu yote miwili hewani, kisha anatua. Na hachoki. Kipindi cha kwanza, cha pili, cha tatu, yupo tu.

Vijana wawili wakakunjana mashati karibu na goli. Nani aliingia katikati kuwatenganisha? Yeye! Kwa upole, mkono mmoja kwa kila kifua. Nahodha wa kuzaliwa.

Kila alipopita kwenye kona yangu nilipiga kioo nikapaza sauti: "Safi, kijana! Safi sana!" Mara moja aligeuka akanitazama. Mnyenyekevu. Akaendelea.

Nikamuuliza Maricel, yule mdogo mwenye kijivu ni nani. Bila kuinua macho kwenye simu akasema mdogo wa kijivu anayemjua yeye ni namba kumi na tisa, jina lake limeandikwa kwenye bango la mlangoni: Fafard.

Fafard!

Nimelia, shajara yangu. Nimelia kwenye blanketi. Nimemwona kijana kwa macho yangu mwenyewe. Stefka hakuwepo kushoto kwangu, na nimeona.

Sasa tatizo ni moja tu. Jana nilisema Rask mbele ya mashahidi tisa.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Kristo amefufuka, nami pia kidogo. Mkate mtamu, mayai ya rangi, soseji. Verna ni Mlutheri, Pasaka yao ilikuwa wiki jana. Amekula mkate wangu huku akisema hata ufufuo sisi tunaufikia kwa kuchelewa.

Nimemwacha aseme. Nina siri kubwa kuliko yake. Nitamchukua Fafard kabla yeye hajafika kwa Dale. Nitamwibia kijana wake mchana kweupe, na nitafanya hivyo kwa haki, kwa sababu namwamini!

Nimeandika ripoti. Ukurasa mmoja, kwa mkono. Mistari bora zaidi:

"Hakutoka kwenye barafu hata mara moja. Hatafuti kisahani; kisahani ndicho kinachomkimbia. Anajua mchezo utasimama wapi kabla haujasimama. Hana papara ya kufunga bao. Wenzake wanapogombana, yeye ni mtu mzima pekee uwanjani."

Nimeisoma mara nne. Sijawahi kuandika vizuri hivi tangu barua za uchumba.

Jumanne, 18 Aprili

Dale amekuja mwenyewe, kofia mkononi. Nikampa ripoti. Akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akifanya kwenye mtihani.

Akauliza, "Mwalimu, unasema hakutoka kabisa? Wachezaji si hubadilishana kila baada ya sekunde arobaini na tano?"

Nikamjibu ukweli: mimi sikumwona akitoka.

"Na hili la kutotaka kufunga?"

Nikamwambia Korongo wameshika mkia wakiwa na wafungaji sita. Wamekosa mtu wa kutuliza mchezo. Akakuna kichwa. Akasema jopo lake zima linamtaka Rask, na kwamba akienda kinyume nao halafu Fafard asifae, atatafuta kazi ya kuendesha gari la kuzoa theluji barabarani. Macho yake yalikuwa mekundu. Ana watoto watatu.

Hapo nilisita. Sekunde moja, labda mbili. Kisha nikamshika mkono nikasema, Dale, nimewahi kukosea? Akasema, mara kumi na moja umepatia, Mwalimu.

Nikatoa na habari ya mguu wa arobaini na moja na mashine ya kunyolea. Akaandika zote mbili.

Verna alimdaka mlangoni akampa karatasi zake thelathini na mbili. Nilimwangalia Dale akizikunja na kuzitia mfuko wa nyuma. Nimecheka mpaka mrija ukatoka puani.

Alhamisi, 20 Aprili

USHINDI!

Nyumba nzima ya wazee sebuleni mbele ya televisheni, viti vya magurudumu safu tatu kama kanisani. Dale kwenye skrini, tai imekaa upande. Akasafisha koo. Akasema Korongo wanamchagua, kutoka timu ya Kijivu, Émile Fafard.

Kelele! Mzee mmoja alipiga sahani kwa mkongojo. Nami nikainua mkono polepole, kama askofu.

Kisha Dale akasema mbele ya jimbo zima kwamba kijana huyu ameonwa na jicho kongwe kuliko yote, jicho la Mwalimu Palamarchuk. Jicho!

Verna akageuka. "Mwizi wewe! Ijumaa ulisema Rask. Mimi ndiye niliyesema Fafard, wote walinisikia!" Nikamjibu kwamba Ijumaa nilikuwa nikimpima yeye kama ana msimamo, nami nimefurahi kuona anao. Akageukia televisheni. Verna! Akageukia televisheni! Miaka thelathini kwenye chumba cha walimu sikuwahi kupata siku kama hii.

Baadaye aliniuliza kwa sauti ya chini, nilijuaje kwamba kijana hakutoka uwanjani, wakati takwimu zake zinaonyesha alicheza dakika kumi na tisa tu. Nikasema wewe umehesabu dakika, mimi nilikuwa nikitazama roho yake, na roho haikai benchi.

Halafu akanisogezea sahani ya kabichi ya kukunjwa yenye wali ndani. Nadhani ni heshima.

Dale ametuma picha ya kadi. Fafard, Émile. Amependekezwa na O. Palamarchuk. Wa kumi na mbili. Wangu. Nimeiweka kando ya picha ya Stefka, nikamwambia, huyu hukuninong'oneza.

Ijumaa, 21 Aprili

Mgeni amekuja na sanduku la donati. Mwanamume mwembamba, mwendo mwepesi, amevua kofia. Nilimfundisha mwaka wa tisini na tano: Garth Nyholm, alikuwa akikaa dirishani.

Akasema amekuja kunishukuru. Nikasema karibu, leo wote wanashukuru. Akasema hapana, Mwalimu, hunielewi, nimekuja kwa ajili ya Jumamosi. Miaka ishirini na miwili yuko kwenye barafu na hakuna aliyewahi kumshangilia. Wamemtupia bilauri, wamemtukania mama. Jumamosi akasikia kioo kinapigwa, akageuka, akamwona mwalimu wake wa historia na mrija puani anapaza sauti, safi, kijana. Alitaka kuacha kazi msimu huu. Sasa haachi. Akafuta macho.

Nikamuuliza, kwa uangalifu mkubwa, Jumamosi alikuwa amevaa nini.

Milia, akasema. Nyeusi na nyeupe, kama siku zote. Kwa macho yangu, hizo mbili zikichanganyika ni kijivu.

Nikala donati. Nikafikiria kumpigia Dale. Nilishika simu kabisa. Wakati huohuo simu ikaita, na alikuwa Dale. Jopo limetulia, mashabiki wamefurahi, Fafard jana alifunga mabao manne kwenye mazoezi. Akaniuliza kama Septemba ningewatazamia golikipa.

Nimekubali! Golikipa ni rahisi. Amesimama mahali pamoja, na amevaa magodoro. Nitamwona tu. Nimemwagiza Maricel anitafutie kalenda ya mwakani.

Garth amesahau skafu yake kitandani. Nimeikunja. Na kwa kuwa nimeahidi kuungama kila kitu, basi naandika: kijana niliyemwona kwa macho yangu mwenyewe, asiyechoka, asiyeanguka, nahodha wa kuzaliwa, ana miaka arobaini na minne, ana mvi masikioni, na alikuwa refa msaidizi.