Mkalimani wa Ploti Yetu

Jumatatu, Juni 3

Nimeamua. Nitakuwa mkalimani wa korti! Kajiado wanatafuta watu wa Kimaa na Kikamba, intavyu ni Alhamisi. Mimi niko na zote mbili. Kikamba nilinyonya, Kimaa niliolewa nacho. Darasa la nane nilimaliza. Inatosha.

Nikifunga macho najiona. Feni inazunguka polepole. Glasi ya maji. Hakimu ananitazama, hajui kitu mpaka mimi nifungue mdomo. Lorna wangu amelala kwa kikapu chini ya meza, karibu na mguu wangu. Si kama sasa. Sasa namwacha kukiwa giza nikakate maua Isinya, na nikirudi amelala tena. Jana alimwita Evalyne, jirani anayemshika, mama. Nami nilikuwa hapo nimesimama.

Jumanne, Juni 4

Evalyne naye anaenda intavyu! Ako na diploma. Aliniuliza kama hakimu wangu huwa anakata maua. Niko na kitu diploma haina: mazoezi.

Mama mkwe, Yieyo, amekuja kutoka Rombo na mbuzi wake. Kiswahili hajui hata cha kuomba maji. Mwenye ploti, Mzee Mutunga, hajui Kimaa. Mbuzi amekula sukuma wiki ya mzee. Vita! Nikasimama katikati yao, mikono nyuma, kama kortini.

Yieyo akasema uso wa yule mzee ni wa fisi aliyemeza kiatu. Nikafasiri: Mama anasema pole kwa mboga. Mutunga akasema mbuzi akionekana tena ataliwa. Nikafasiri: Mzee anasema mbuzi wako amenona.

Jioni walikunywa chai pamoja. Jua likizama huko mbugani, vumbi likageuka dhahabu. Nikafikiri: dunia yote ingetulia kama mimi ningepewa nafasi.

Jumatano, Juni 5

Mutunga amemletea Yieyo majani ya mbuzi. Yieyo akauliza kama ni sumu. Nikasema ni heshima. Siku nzima naelea tu.

Alhamisi, Juni 6

Kiapo nilikisema vizuri mpaka askari wa mlangoni akaitika Amina. Madam Caroline, aliyekuwa anatupima, akaeleza kazi. Shahidi akisema mimi, nawe useme mimi. Usiongeze, usipunguze. Rahisi!

Wakamleta mzee mmoja ajifanye mshtakiwa. Sweta yake ilikuwa imekosewa vifungo. Akasema kwa Kimaa kwamba alimwambia jirani atachoma boma lake, na hata leo akipata kiberiti atachoma.

Nikamwangalia. Nikaona gereza. Nikaona wajukuu wakimngoja langoni. Nikasema, "Mimi niligombana na jirani kidogo. Nasikia vibaya. Kama kuna moto, ni wa kupika chai."

Kisha yule mzee akacheka mpaka akashika meza. Kumbe yeye ndiye mkalimani wa korti, anastaafu mwaka huu. Akasema kwa Kiswahili safi, "Binti yangu, umefunga mdomo wangu ukafungua wako."

Madam Caroline hakucheka. Alisema kuna mtu angelala ndani ya hilo boma, hajaonywa, kwa sababu ya huruma yangu. Nirudi nyumbani. Kazi hii siiwezi.

Evalyne alisema kiberiti chote bila kupepesa jicho. Amepata kazi. Hana huruma hata kidogo!

Ijumaa, Juni 7

Leo sikuenda maua. Nimekaa mlangoni na Lorna. Upepo unanuka mvua ya mbali. Lorna alimtazama mbuzi akasema mama. Najua alimaanisha mimi.

Evalyne amepita na viatu vipya, akasema kuanzia Jumatatu mtoto nitafute wa kumshika. Yieyo akauliza huyo anasema nini. Nikafasiri: anasema Lorna anataka nyanya yake. Yieyo akafuta machozi, akasema basi atakaa mpaka Desemba.

Halafu akauliza korti walisema nini. Nikafikiri kidogo.

"Walisema korti yao ni ndogo kwangu."

Yieyo akamshukuru Mungu kwa sauti, mikono juu. Kisha akaongeza kwamba kwa vile sasa anakaa, yule fisi ang'oe sukuma zake, mbuzi apate pa kulala. Mutunga akainua kichwa pale shambani, akauliza Mama anaomba nini.

Nikamfunga Lorna mgongoni. Nikasimama katikati yao, mikono nyuma.